Mate ya Mwalimu wa Vichaka

Nianze na kopo, maana ndilo lililonichefua kabla sijamjua mwenyewe. Lilikuwa kopo kubwa la rangi, limewekwa chini ya dirisha la chumba cha mimea mikavu katika chuo kimoja cha misitu na nyuki pale Tabora, na ndani yake mlikuwa na mate. Mate ya kijani, mate ya kahawia, mengine yamegandia pembeni. Mwalimu wa Vichaka alikuwa akitafuna kila mmea aliouletewa, kisha akitema humo, na mara nyingi hakulenga vizuri. Siku yangu ya kwanza chuoni niliyakanyaga. Hata leo nikipita kwenye duka la rangi pale sokoni najikuta natazama ninapoweka mguu.

Sitamtaja jina. Si kwa heshima, ingawa alinifundisha. Ana majina mawili, na kila jina lina watu wake wanaolishikilia, na nikitaja moja nitakuwa nimechagua upande. Sisi wanafunzi tulimwita Mwalimu wa Vichaka, na hilo halikugombewa na mtu.

Chumba chake kilikuwa na makabati ya mninga yaliyofika darini. Ndani ya makabati mlikuwa na karatasi ngumu, kila karatasi imeshonewa tawi moja lililobanwa na kukaushwa, na chini pembeni pana kibandiko chenye jina la mmea, mahali ulipochumwa na nani aliuchuma. Karatasi za zamani zaidi zilichumwa kando ya njia ya misafara, ile iliyopita Kwihara ikielekea Ujiji. Mwalimu alizishika hizo kwa mikono miwili, na kwa dakika hiyo tu mdomo wake ulikuwa mtupu.

Sheria ya chumba ilikuwa moja, na aliirudia mpaka tukaichoka. Wataalamu wakibadilisha jina la mmea, au ukigundua kwamba aliyetangulia alikosea, hukigusi kibandiko cha zamani. Unaandika kingine, unaweka jina jipya na jina lako na tarehe, unakigundisha pembeni yake, na cha zamani kinabaki kinasomeka.

"Mnaongeza, hambandui," alikuwa akisema. "Hata aliyekosea ana haki ya kuonekana kwamba alikosea."

Niliipenda sheria hiyo kuliko nilivyompenda yeye. Yeye alikuwa mgumu kumpenda. Alitufundisha mimea kwa pua na ulimi, akatudharau tuliotegemea macho. Mtihani wake wa vitendo ulikuwa hivi: anafikicha jani ndani ya kitambaa, anakupa unuse, na ole wako usite. "Una pua ya mapambo," alimwambia kijana mmoja wa Urambo mbele ya darasa zima, na kijana wa watu aliitwa Mapambo mpaka siku ya kuhitimu. Mimi nilikuwa "wewe wa Sikonge," hata baada ya kuajiriwa pale pale na kupewa meza mkabala na yake. Vidole vyake vilinuka utomvu, kitambaa chake cha mfukoni kilikuwa kigumu kama gome, na chai yake aliikoroga kwa kalamu.

Na mtu huyo huyo, Ijumaa, ungempita barabarani usimtambue. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kucha zimesuguliwa, na kichwani kofia aliyodarizi mkewe, tundu ndogo ndogo, kazi ya miezi. Mkewe alikuwa mtu wa mjini, binti wa mafundi wa mtaa wa Ng'ambo, mwanamke mpole aliyenisikitikia waziwazi kila tulipokutana. "Mwanangu, bado anatema?" aliniuliza siku moja. Nikamwambia anatema. "Hapa nyumbani hatemi," akasema, "hata mbegu ya limau anaimeza." Nilipofika nyumbani nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika. Kumbe aliweza kujizuia. Sisi ndio hatukustahili.

Aliipenda kazi kiasi cha kuwa kituko. Safari moja tulikuwa naye kwenye treni, na pale Kaliua treni ilisimama sana, wakipanga mabehewa ya kwenda Mpanda na ya kwenda Kigoma. Akaona kitu ng'ambo ya reli, akashuka na kisu. Treni ikaondoka. Alitufikia kesho yake, hajalala, suruali ina matope, tawi limebanwa ndani ya magazeti chini ya shati lake. Hakusema neno juu ya kuachwa. Alichosema ni kwamba pale stesheni wamepanda mabogenvilia, mimea ya kigeni isiyo na adabu.

Tawi lenyewe lilikuwa la kichaka chake. Nasema chake kwa sababu alijifanya baba yake. Ni kichaka cha kawaida, unakipita kila siku porini: kimo cha mtu, majani yanayonuka vibaya ukiyafikicha, na ua ambalo sijaona la kulifananisha nalo. Petali nne za bluu hafifu, na ya tano, ya chini, bluu iliyokolea, imetokeza nje mithili ya ulimi. Alikuwa na kabati zima la kichaka hicho na ndugu zake.

Sasa, majina ya ndugu hao ndiyo yaliyotugombanisha. Wataalamu wa zamani walikiita Cyclonema. Waliofuata wakakihamishia kwenye jenasi iitwayo Clerodendrum, yaani ukoo mmoja na vichaka vya maua meupe yenye mrija mrefu, na hapo ndipo Mwalimu alipokikuta ujanani mwake. Ukoo huo ulihesabiwa kuwa jamii moja na lantana na msaji. Halafu likaja jambo la kwanza la kumtia kichefuchefu: wataalamu wakasema msaji na vichaka hivyo vyote ni jamii ya mrehani na kivumbasi.

"Msaji na kivumbasi ndugu?" alifoka. "Mti wa kuchongea milango, na jani la kufukuzia mbu? Basi na mimi nina udugu na treni."

Hakulitema hilo hata kidogo, alilitafuna miaka. Na kabla hajalimeza likaja la pili. Wataalamu walichunguza chembe za urithi, wakatazama tena maua, wakaona kwamba vichaka vya ua la bluu havina asili moja na vile vya maua meupe. Wakavitoa, wakavipa jenasi yao, Rotheca. Mimi habari hizo nilizikuta masomoni Morogoro. Nilirudi nazo Tabora kwa furaha ya kijinga ya mtu aliyebeba zawadi.

"Mwalimu, tazama tumba," nilimwambia. Nilikuwa nimemletea tawi bichi. "La maua meupe linavimba sawasawa pande zote. Hili linavimba upande wa chini tu. Na ua likifunguka limeegemea upande mmoja. Si ndugu hawa."

"Nililitazama tumba hilo kabla mama yako hajaolewa."

"Ulilitazama, au ulilitafuna?"

Akatema. Safari hii alilenga vizuri.

Tuligombana mwezi mzima, na watu wa ofisi ya jirani wakawa wanafunga dirisha. Siku moja uvumilivu uliniisha nikamwambia neno ambalo mji mzima ulilijua na hakuna aliyelisema. Kwao ni Ipole, wazazi walimbatiza na kumpa jina. Alipokuja mjini na kumpenda binti wa Ng'ambo alisilimu, akaoa, akachukua jina jipya, na tangu siku hiyo lile la kwanza hakuliitikia.

"Mwalimu," nikasema, "mbona wewe mwenyewe ulibadili jina?"

Aliacha kutafuna.

"Mimi nilijibadili mwenyewe," akasema polepole. "Kwa mdomo wangu, mbele ya mashahidi. Kichaka kiliulizwa?"

Nikatoka. Jibu lilinijia baada ya miaka, kama kawaida ya majibu: hata alipokikuta kinaitwa Clerodendrum, hakuna aliyekuwa amekiuliza.

Na kuhusu hilo jina lake la kwanza, nina kisa nilichokishuhudia kwa macho yangu. Asubuhi moja mlinzi wa getini alikuja mpaka dirishani kwetu.

"Shikamoo Mwalimu. Kuna mama ametoka Ipole na ndoo ya asali. Anamuulizia," na mlinzi akataja lile jina la ubatizo, "anasema huyo ni mdogo wake."

Mwalimu alikuwa na jani mdomoni. Alitazama nje, na mimi nikatazama. Pale getini alisimama mwanamke mrefu mwenye khanga mbili, ndoo iko chini karibu na miguu yake, amekinga jua kwa kiganja akitafuta dirisha.

"Mtu wa jina hilo hayupo hapa," akasema Mwalimu.

"Lakini Mwalimu, anasema..."

"Hayupo."

Mlinzi akaenda. Yule mama alisikiliza, akatikisa kichwa, akasimama sana. Kisha akaiacha ndoo pale pale akaondoka kuelekea stendi. Jioni mlinzi aliileta ndoo ndani kwa kukosa pa kuipeleka. Mwalimu alifungua kifuniko, akachovya kidole chake cha utomvu, akalamba, akafumba macho.

"Maua ya myombo," akasema. "Na kidogo ya mti wa mtundu."

Akafunika. Dada yake alikuwa amefunga safari ya nusu siku, na alichoona mdogo wake ni maua. Nilimchukia siku hiyo, nasema wazi, na chuki hiyo haijaisha yote.

Bado sijasimulia kisa cha vibandiko.

Nilikuwa nimeamua kuacha maneno na kufanya kazi kwa sheria yake mwenyewe. Msimu mzima wa mvua nilikaa na kabati lile la ua la bluu. Kila karatasi niliitoa, nikaloweka ua moja kavu likalainika, nikalifungua chini ya lenzi, nikalitazama, kisha nikaandika kibandiko: Rotheca, jina langu, tarehe. Nikagundisha pembeni ya kile cha zamani. Sikubandua hata kimoja. Palikuwa na haraka pia, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja kutoka hifadhi kubwa ya mimea, kuchagua karatasi za kuchukua na kutunza mahali pakavu, na walishasema watachukua zile tu zilizopitiwa na kupewa majina ya sasa. Paa letu lilikuwa linavuja. Kila mtu pale alijua maana ya karatasi kuachwa.

Mwalimu aliniona nikifanya kazi ile kila siku. Hakusema kitu. Nikadhani amekubali.

Wageni walikuja. Mama mmoja mwenye miwani alifungua kabati la ua la bluu, akatoa karatasi ya juu, akatoa ya pili, ya tatu, akaniita. Vibandiko vyangu havikuwepo. Mahali pake palikuwa na makovu, karatasi imechubuka, na kulizunguka kila kovu doa la kijani lililokaukia.

"Hii ni nini?" akauliza yule mama, akiinusa kwa mbali.

"Mate," nikamwambia.

Alikuwa amevilowesha kwa mate na kuvibandua kwa kidole gumba, kimoja kimoja, kabati zima. Mtu aliyetuimbia miaka yote kwamba hatubandui. Nilimtazama, yuko mezani kwake anakoroga chai kwa kalamu. Yule mama aliweka karatasi chini, akajifuta vidole kwa leso, akaenda kabati lingine. La ua la bluu likabaki.

Mvua za mwaka uliofuata zilipita darini moja kwa moja. Ukungu ukaingia, baada ya ukungu wadudu, na yale matawi ya njia ya misafara yaliyokuwa kwenye kabati hilo, yaliyochumwa na watu ambao mifupa yao haijulikani iliko, yakawa unga. Niliyazoa mwenyewe kwa beleshi. Mwalimu alisimama mlangoni akaangalia, kisha akaenda nyumbani. Alistaafu mwaka ule ule bila kuniomba radhi, na mimi nikalitupa kopo lake la rangi kabla hajatoka getini.

Mwaka jana nilitumwa Ipole kuwafundisha wafuga nyuki maua ya kila msimu. Mmoja wao akaniambia kuna mzee wa mjini amerudi kwao baada ya kufiwa na mke, hana mtoto, na ile nyumba ya Ng'ambo ilikuwa ya wakwe. Nilijua ni nani. Nilijiambia siendi. Nikaenda, na njiani nikavunja tawi la kichaka chake, lina maua, kwa nia ambayo haikuwa nzuri.

Nyumba ilikuwa nyuma ya bani la kukaushia tumbaku. Yule mama mrefu wa getini alikuwa ukumbini akichambua kunde, amezeeka, lakini mgongo wake ungali umenyooka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umemfuata mwanafunzi wangu?" Akacheka. "Mwanafunzi, maana namfundisha upya hata kula."

Mwalimu alikuwa ndani, kwenye kiti karibu na ukuta. Alikuwa amebaki ngozi. Kichwa kilikuwa wazi, na mdomo umebonyea ndani, meno yameisha. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama kwa muda.

"Wewe wa Sikonge," akasema.

Nikampa tawi. Hakuweza kulitafuna. Alifikicha jani, akalipeleka puani, akalishika hapo.

"Chako hiki," akasema. "Kile kichaka chako."

"Kinaitwaje, Mwalimu?"

Nilikuwa nangoja jibu hilo kwa hamu mbaya, lakini dada yake akaita kutoka ukumbini kwa lile jina la ubatizo: "We fulani, unataka uji?"

"Naam, dada," akaitika. "Nataka."

Sikutegemea kwamba ingeniuma. Nikageuza macho nisimtazame, yakaangukia mezani. Palikuwa na jagi la asali, na juu ya jagi, kuzuia nzi, ilifunikwa kofia. Ile ya tundu ndogo ndogo, kazi ya miezi ya mkewe. Ukingo wake ulikuwa umelowa asali na wadudu wawili wamenasa.

Aliona ninachokitazama.

"Ndugu wameshasema watanizika hapa nyuma ya bani, na baba na mama," akasema kwa sauti ya chini. "Kwa jina hilo, na kwa taratibu zao za kanisa. Hilo lingine hawalijui. Mke wangu aliniita kwa hilo mpaka pumzi ya mwisho." Akashika kiganja changu kwa vile vidole. "Wewe unajua kusema na watu. Waambie wasibandue. Waongeze."

Waongeze! Nilitamani kumtemea. Nilitamani nipate jani chungu kuliko yote ya msitu wa Ipole, nilitafune, nimwonyeshe inavyokuwa.

"Wewe ulibandua, Mwalimu."

"Najua."

Nikavuta mkono wangu, nikatoka kwenda ukumbini. Dada yake alikuwa anakoroga uji.

"Amekwambia nini?"

"Anasema msimbandue," nikasema. Ilinibidi nimweleze: chumba, karatasi, vibandiko, jinsi jina jipya linavyowekwa pembeni ya la zamani na yote mawili yakasomeka. Nilimweleza mpaka habari ya kazi ya mkewe na kofia ilitoka wapi. Alinisikiliza mwiko ukiwa mkononi.

"Mimi nilimbeba huyu mgongoni," akasema. "Nilikwenda pale getini kwenu na ndoo ya asali. Nikaambiwa hayupo. Nilimwona dirishani, mwanangu. Anatafuna." Akakung'uta mwiko. "Sasa niambie, ni nani aliyeanza kubandua?"

Alimimina uji kwenye bakuli, akaingia ndani, nami nikamfuata kuaga. Aliweka bakuli mezani, akalitazama jagi, akaichukua ile kofia. Akawaondoa wale wadudu kwa ukucha. Akaifuta kwa pindo la khanga, na asali haikutoka yote.

"Siku ya kuzika watajua wenyewe wenye dini zao, na nitawaita wa mjini waje waseme," akasema. "Mimi nitaita ninavyoita."

Akamwita kwa jina lile la ubatizo. "Inama," akamwambia, "uvae kofia yako."

Akainama. Akamvalisha, akaikandamiza pande zote mbili kwa viganja ili ikae. Ilikuwa inanata, na uzi mwembamba wa asali ulimshuka kwenye paji la uso mpaka pembeni ya mdomo. Hakuufuta.